Mimba ya Upepo

Nimewahi kutukanwa na kinywaji. Najua anayesikia hivyo atadhani uzee umenipanda kichwani, lakini ndivyo ilivyokuwa, na kwa miaka mingi nimeisimulia habari hiyo barazani, watu wakacheka na kunionea huruma kwa pamoja. Nusu yake ya pili sijawahi kuisimulia. Katika nusu hiyo mimi ndiye niliyetukana, na niliyemtukana alikuwa mtu aliyenifanyia wema.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa mhudumu wa baa katika hoteli moja ya wazungu kule mjini, upande wa baharini. Nilikuwa nikikaa Kariakoo, na kila siku nilivuka uwanja wa Mnazi Mmoja kwa miguu, kanzu yangu nyeupe nimeikunja kwapani isishike vumbi, tarbushi nyekundu mkononi. Nilivaa nikishafika mlango wa nyuma. Kwa sheria za wakati ule mtu mweusi hakuruhusiwa kunywa vileo vikali vya kizungu, ila kuvichanganya na kuvipeleka mezani kwenye sinia aliruhusiwa bila taabu yoyote. Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo kunyimwa pombe hakukunipunguzia kitu. Kilichonisumbua ni kadi ya vinywaji.

Kila kokteli ilikuwa na jina lake kwenye kadi, na mengine yalikuwa mzaha tu. Moja iliitwa Mama Mkwe kwa kuwa ilikuwa chungu. Nyingine iliitwa Busu la Kasisi, na sababu yake sikuijua wala sikuiuliza. Lakini iliyopendwa kuliko zote ilikuwa na jina la Kiingereza ambalo kwa lugha yetu ni Boi Mvivu. Tuliitengeneza kwa kileo cheupe, ndimu na barafu, kisha juu yake unamimina taratibu, kwa mgongo wa kijiko, shira nyeusi nzito. Shira ile haikuchanganyika. Ilizama mpaka chini ya bilauri ikalala hapo hapo. Mgeni alipewa kijiti chembamba cha kukorogea, na mzaha wote ulikuwa kwenye kijiti. "Tazama alivyolala," mwenyeji angemwambia rafiki yake aliyeshuka melini juzi. "Mchape fimbo kidogo, utaona atakavyofanya kazi."

Nikiweka bilauri mezani ilinibidi nilitaje jina lake kwa sauti, ndiyo iliyokuwa taratibu ya baa. "Boi mvivu, bwana." Na kila mara, hata kama wote pale waliwahi kuusikia mzaha huo, mmoja wao angeuliza, "Yupi kati yenu wawili?" Nami nacheka, meno yote nje. Hakuna aliyenilazimisha kucheka. Nilicheka kwa sababu asiyecheka alionekana ana kiburi, na mwenye kiburi alirudishwa jikoni kuosha masufuria.

Nikirudi Kariakoo nilikuwa mkali kama pilipili. Chumvi ikipungua kidogo kwenye mchuzi, nasukuma sahani. Mke wangu alinivumilia kwa sababu alijua. Nilikuwa nimemweleza kisa cha kijiti, na hakucheka hata kidogo. Aliniuliza tu, "Na wewe unalitaja jina hilo kwa mdomo wako?" Nikamwambia ndiyo kazi. Akaendelea kuchambua mchele.

Tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, si mbali na soko. Katika chumba kilichotazamana na chetu alikaa kuli wa bandarini na mkewe. Yule bwana alikuwa mtu wa maneno machache, akikusalimu umeshukuru. Mkewe ndiye aliyekuwa na maneno ya wote wawili. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mimi Mnyamwezi, na kwa asiyejua, makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo vichwani. Mtani wako anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako. Anaweza kumkamata kuku wako akamchinja. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Unachoruhusiwa ni kungoja zamu yako nawe umrudishie.

Alianza wiki ile ile tuliyohamia. Nikitoka asubuhi na kanzu yangu kwapani, yeye yuko uani anafagia: "Mpagazi wangu, leo mbona mzigo mwepesi?" Nami namjibu kwamba sisi tuliwakuta Wazaramo wamekaa pwani wanatazama maji, tukawaletea akili kutoka bara. Idi moja aliificha tarbushi yangu, akaivaa yeye, akatembea nayo mtaa mzima, na hakuitoa mpaka nilipomnunulia doti ya kanga. Nilimnunulia, na nilifurahi kumnunulia. Sikuwa na ndugu Dar es Salaam. Mtu wa kunitukana namna ile alikuwa ndiye ndugu yangu.

Barua ya msiba wa baba yangu ilipofika kutoka Tabora, ilikuwa imechelewa wiki tatu. Baba alikuwa ameshazikwa, matanga yameshaanuliwa, mimi nilikuwa nikibeba bilauri. Nilijilaza ndani nisitake kula wala kuzungumza, na machozi yalikataa kutoka. Siku ya pili mlango ukasukumwa bila hodi. Mtani wangu akaingia amevaa koti langu na tarbushi, godoro lake amejitwika kichwani, amepinda magoti, anahema kama mpagazi aliyetembea toka Tabora bila kupumzika. "Nimeleta mzigo wa marehemu," akasema. "Amekuachia urithi. Uvivu wote wa ukoo wenu umo humu, ni mzito sijapata kuona."

Nilicheka, na katikati ya kicheko ndipo nilipolia. Tazama basi, lilikuwa neno lile lile la uvivu lililokuwa likinichoma kule hotelini, na kutoka kwake lilikuwa dawa. Alitua godoro, akanipa uji, akanisimamia mpaka nikaumaliza.

Huyo ndiye niliyemtukana.

Walikuwa na miaka kumi na kitu ya ndoa bila mtoto. Kisha mwaka mmoja siku zake zikakatika, tumbo likaanza kuonekana, miguu ikavimba, akawa anakula udongo kama wajawazito wengine. Wakunga wawili wa mtaani walimpapasa wakasema ni mtoto wa kiume. Yule kuli akaanza kuzungumza! Alikaa kibarazani jioni akapiga soga na watu, tena kwa sauti. Alinunua beseni kubwa la kumwogeshea mtoto, akaliegemeza ukutani ukumbini, mahali ambapo sote tulilipita kila siku tukienda uani. Mwezi wa tisa ukapita, wa kumi ukapita. Wakampeleka hospitali ya serikali, na daktari akawaambia tumboni hamna kitu. Hapakuwa na mtoto na hakuwahi kuwapo. Baada ya wiki chache tumbo likashuka lenyewe, na beseni likaondolewa ukumbini likaingizwa chumbani.

Akajifungia. Alitoka kwenda bombani kabla watu hawajaamka, basi. Uani pakawa kimya, na asubuhi nilipotoka na kanzu yangu hakuna aliyeniita mpagazi. Ilikuwa zamu yangu kuingia kwake bila hodi na godoro kichwani. Sikuingia. Nilijiambia kwamba mambo ya tumbo ni ya wanawake, mwanamume hana neno la kusema hapo. Ukweli ni kwamba niliogopa kusema vibaya, na mtu aliyeogopa kusema vibaya mbele yake alikuja kusema vibaya mbele ya watu wote.

Ramadhani iliingia kama mwezi na nusu baadaye. Hotelini palikuwa na mpishi mmoja Mgoa aliyenifundisha andazi la kizungu ambalo Kariakoo halikujulikana. Unachemsha maji na samli, unamwaga unga wa ngano wote kwa mpigo mmoja, unausonga motoni mpaka uachane na sufuria. Ukishaipua unavunjia mayai, moja moja, huku ukipiga kwa nguvu. Wazungu waliyaoka, wakayajaza malai ya maziwa. Sisi hatukuwa na jiko la kuoka, kwa hiyo mke wangu aliamua kuyakaanga kwenye karai na kuyachovya kwenye shira ya iliki. Alitaka ayauze kibarazani mwezi mzima. Kila nyumba mtaani iliuza kaimati, naye alitaka kitu ambacho hakuna mwenzake anacho.

Donge lile linataka mkono wa nguvu, na mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wetu wa pili, anachoka upesi. Akaenda kugonga mlango wa mtani wangu. "Shoga," akamwambia, "mkono wangu hauwezi, njoo unisaidie." Nadhani alijua anachofanya. Mwanamke yule alitoka. Mchana wa mfungo alikuja akakaa uani kwenye kigoda, akapakata sufuria, akaanza kupiga mayai. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuonekana na watu tangu siku ya hospitali.

Mimi siku hiyo nilikuwa nimefunga, niko kazini. Mgeni mmoja, badala ya kumwonyesha mkewe namna ya kuikoroga Boi Mvivu, alikishika kile kijiti akanigonga nacho begani. Mara mbili, taratibu, wala hakikuniumiza. "Amka, fanya kazi." Meza nzima ikacheka, nami nikacheka. Nilivuka Mnazi Mmoja jua likielekea kuzama, koo limekauka, bega linaniwasha mahali ambapo hapakuwa na alama yoyote. Nilitamani kitu kimoja tu, mahali fulani kuwe na kicheko na mimi niwe mwenye kukianzisha.

Nilikuta wapangaji wote wako uani na majirani watatu wanne, wamekuja kuonja andazi jipya. Adhana ikalia. Tukafungua kwa tende na uji, kisha mke wangu akaleta sinia. Yalikuwa yameumuka ajabu, makubwa kama ngumi, yanang'aa shira. Jirani mmoja akauma, akatazama ndani, akashangaa. "He! Mbona hamna kitu?" Wengine wakauma, wakatazama. Ukubwa wote ule na ndani ni hewa tupu. "Jamani, yanaitwaje haya?"

Kariakoo kitu kipya kinaulizwa jina kabla ya kuulizwa bei. Kanga isiyo na jina hainunuliwi, na andazi ni vivyo hivyo. Mke wangu hakuwa ameliwaza jina bado. Wote wakanigeukia mimi, mtu wa hotelini, ninayejua majina ya vitu vya kizungu.

"Mimba ya upepo," nikasema.

Kicheko kikapasuka. Sijapata kuchekesha watu namna ile, si kabla wala baada. Mmoja alijipiga mapaja, mwingine alipaliwa na uji. Mtani wangu alikuwa hatua nne kutoka niliposimama, sufuria ya donge la pili iko mapajani mwake. Mwiko ulisimama. Usoni sikumtazama, nilitazama mwiko. Kisha ukaanza kwenda tena, kwa mwendo ule ule, akapiga mpaka donge likawa laini kama linavyotakiwa. Akampa mke wangu sufuria, akanawa mikono, akaingia chumbani kwake.

Nilingoja jibu. Nasema kweli, nilingoja. Nilijua akitoka kesho na tusi lake, la ukoo wangu, la kazi yangu, la mama yangu, tutakuwa tumelipana na mambo yatakwisha. Hakutoka kesho wala keshokutwa.

Asubuhi ya kwanza baada ya futari ile mke wangu aliniambia, "Chukua kuku, nenda ukakae chini mbele yake, umwombe radhi."

"Yule ni mtani wangu," nikamjibu. "Si alikuja kuchezea msiba wa baba yangu? Nilimwambia neno?"

"Yeye aliingia chumbani akakuchekesha wewe," akasema. "Wewe uliwachekesha wengine."

Nilimkemea. Nilimwambia wanawake hawajui utani, wanajua kununa. Ndivyo nilivyokuwa, na sitajipamba sasa kwa kuwa nimezeeka. Nilikuwa nimeelewa kabisa alichosema, ndiyo sababu nilipandisha sauti.

Mke wangu alijaribu kulifuta jina. Alikaa kibarazani na sinia lake akayaita maandazi yake Kitulizo. Wateja wakamwambia, "Kitulizo gani, bibi? Haya si ndiyo mimba ya upepo?" Siku ya tatu akaacha kukaanga, karai akalitundika. Haikusaidia kitu. Wanawake wa mitaa ya jirani walikuwa wameshajifunza kuyapika, na kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani yalikuwa yakiuzwa mpaka mlangoni mwa soko, jina linapazwa juu ya kelele za wachukuzi na mikokoteni. Wengi hawakujua lilikotoka. Mtaani kwetu walijua, na waliojua waliwaambia wasiojua, maana andazi lenye kisa linanoga zaidi.

Baada ya Idi, jioni moja, yule kuli alisimama mlangoni kwangu. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, vumbi la saruji bado limo nyweleni. Mkononi alishika kifurushi cha gazeti kilicholowa shira.

"Jirani," akasema, "haya nimepewa bandarini. Wenzangu wamechanga wakaninunulia. Wamesema nimpelekee mama mtoto."

Akakiweka mkononi mwangu. Hakupandisha sauti. Nilitamani apandishe, nilitamani anikamate shingo, tupigane pale ukumbini watu waje kutuamua. Nikaanza kumweleza kwamba ulikuwa utani tu, kwamba mimi na mkewe tulizoeana tangu zamani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akaingia kwake akafunga mlango. Mimi nikabaki na kifurushi, shira inanichuruzika vidoleni.

Wakahama kabla mwezi haujaisha. Siku hiyo nilikuwa kazini. Nilijua ni siku gani wanahama, na nilikwenda kazini mapema kuliko kawaida. Mke wangu alimsaidia mwenzake kufunga mizigo. Jioni nilimkuta amekaa kitandani, hakunieleza walichozungumza. Alinionyesha tu lile beseni la mtoto, limeegemezwa ukutani chumbani kwetu. Mwenzake alimwachia. Mtoto wetu wa pili alizaliwa miezi michache baadaye akaogeshwa humo, na wa tatu pia. Mimi nilimwogesha mtoto ndani yake mara moja tu, mkono wangu ukawa mzito, nikamwita mama yake aje amalizie.

Tulisikia baadaye kwamba yule bwana alimpa mkewe talaka, kisha bwana mwenyewe akarudi kwao kusini, mke akabaki mjini. Sitasema ni jina lile peke yake lililowaachanisha. Ndoa ile ilikuwa na mizigo yake, na ndugu wa mume walikuwa wakinong'ona miaka yote. Lakini miaka yote hiyo yule bwana aliwazibia masikio ndugu zake akakaa na mkewe. Alichoshindwa kukivumilia ni kuamkiwa kila asubuhi, mbele ya genge zima la makuli, kwa jina la baba upepo. Hilo halikuletwa na ndugu zake.

Katikati ya miaka ile mambo yakaanza kubadilika. Mnazi Mmoja palikuwa na mikutano, watu wanasimama juani kusikiliza hotuba, na hata hotelini wazungu walianza kutazama nyuma kabla ya kusema. Akaja meneja mpya. Wiki ya kwanza aliipitia kadi ya vinywaji, akafika kwenye Boi Mvivu, akalikata jina kwa kalamu. Kinywaji kilibaki kile kile, kikapewa jina la ua. Jikoni tulipeana mikono, mpishi Mgoa akatukatia keki. Niliporudi nyumbani nilipita mlango wa soko, nikasikia mchuuzi anaita mimba ya upepo, mimba ya upepo ya moto. Jina la wazungu lilikuwa limeandikwa, kwa hiyo lilifutika. Langu halikuandikwa popote. Ningepitisha kalamu wapi?

Mtani wangu nilimwona mara moja tu katika miaka michache iliyofuata. Nilikuwa nimetumwa Feri asubuhi kununua samaki wa hoteli. Niliisikia sauti kwanza, sauti iliyokuwa ikiniita mpagazi, na kwa muda mfupi moyo ulifurahi kabla ya kuelewa inasema nini. Alikuwa amesimama karibu na wakaanga samaki, sinia kichwani, amekonda, na alikuwa akiwaita wateja. "Mimba ya upepo! Njooni, mimba ya upepo ya moto!"

Sikuhitaji kuelezwa. Angeyaita jina gani jingine, na nani angenunua? Mke wangu alishajaribu. Nilisimama pale na kikapu changu, nikakumbuka nilivyokuwa nikisimama na sinia langu, nimeinamisha kichwa, boi mvivu, bwana. Na wewe unalitaja kwa mdomo wako? Katika watu wote waliokuwa Feri asubuhi ile, wavuvi, wachuuzi, wapishi, hakuna aliyejua kama mimi neno lile lina ladha gani kinywani mwa mwenye kulisema. Nilipaswa kumwendea. Miguu ilikuwa ya kwangu, njia ilikuwa nyeupe. Nikazunguka nyuma ya meza za samaki, nikanunua nilichotumwa, nikatokea upande wa pili. Nyumbani sikumwambia mke wangu. Nikaja kujua kwamba yeye alikuwa akimtembelea mwenzake miaka yote, naye hakuniambia mimi.

Mwishoni mwa miaka ile ya hamsini mke wangu aliugua homa, siku tisa, akafariki. Sitaandika mengi juu ya hilo. Nyumba ilijaa watu. Siku ya pili ya matanga wakaja watani, Wazaramo watatu wa mtaa wa nyuma, wakafanya ada yao vizuri. Mmoja alilala kwenye mkeka wangu akadai yeye ndiye mfiwa, mimi niinuke nikampikie. Mwingine alivaa kanzu yangu ya kazi akapita akiwauliza wazee wanakunywa nini. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka kwa adabu, lakini macho yalikuwa mlangoni.

Mtani wangu alikuja mchana, ndani ya buibui, akapita moja kwa moja uani walikokaa wanawake. Nilizunguka kwa kisingizio cha kutafuta maji. Alikuwa amekaa chini karibu na bomba, mahali alipokuwa akiweka kigoda chake zamani. Bibi mmoja aliyekuwa mpangaji mwenzetu siku zote zile akamsukuma kwa kiwiko. "Wewe ndiye mtani wake mkubwa, mbona umekaa? Inuka ukamtoe machozi yule."

"Mimi si mtani wake," akasema. "Nimekuja kumzika shoga yangu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemrekebisha mwenzake aliyekosea njia. Kisha akanyanyua uso akaniona nimesimama na kata ya maji mkononi. Nilikuwa na maneno ya miaka mingi, nimeyapanga na kuyapangua, nikiyasema peke yangu nikivuka Mnazi Mmoja. Lililotoka lilikuwa moja.

"Mtani," nikasema.

Akainuka, akajifuta mikono. Nikajikaza, nikamtazama usoni, nikangoja aniite mpagazi, mtumwa, mvivu wa ukoo wa wavivu, chochote.

"Pole sana, bwana," akasema kwa upole. "Mwenyezi Mungu akupe subira." Akavaa viatu vyake, akapita ukumbini, akaenda zake bila kunitukana.